Je, Wajua? Nani Alikuchagulia Kombi?

Je, wajua kwamba kijana wa Kitanzania huanza kuchagua kazi ya maisha yake akiwa kidato cha pili, kabla hata hajaambiwa kuwa anachagua? Kwa utaratibu uliodumu miaka mingi, hisabati na baiolojia ni lazima hadi kidato cha nne, lakini fizikia na kemia mtu huweza kuziaga akiingia kidato cha tatu. Anayeziaga hapo ameuaga udaktari, uhandisi na famasia kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi ana miaka 15 au 16.

Je, wajua kwamba Machi 2024 tahasusi, zile kombi za masomo matatu, za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65? Tulizoea PCM, PCB, CBG, EGM, HGL na wenzake. Sasa zimo za michezo, za sanaa na hata za elimu ya dini. Waliomaliza kidato cha nne 2023 walifunguliwa upya mfumo wa Selform ili anayetaka abadilishe machaguo yake. Mzazi wa Mbinga Mjini, mkoani Ruvuma, aliyezijua kombi zote kwa kichwa tangu enzi zake ghafla akawa hana ushauri wa kutoa.

Na hiyo Selform hujazwaje? Katika shule nyingi za kata mwalimu wa taaluma hukaa mbele ya kompyuta, foleni ikaanzia mlangoni. "Unataka nini?" "PCB, mwalimu." Mwalimu anatazama maksi za moko, anamtazama binti, anarudi kwenye maksi. "Fizikia yenyewe una D. Weka HGL, usije ukakosa shule." Yameisha, aitwe mwingine. Mvulana mwenye D ileile akija, sentensi mara nyingi hugeuka: "Komaa, utaipata." Wanasaikolojia wameandika vitabu kuhusu hulka, jinsia na uchaguzi wa masomo. Wengi wao hawajawahi kusimama kwenye foleni hiyo.

Je, wajua kwamba hulka ya mtu hupimwa kwa mizani mitano? Kupenda mambo mapya, umakini katika kazi, uchangamfu, upole kwa wenzako, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Mwaka 2016 Anna Vedel wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, alizikusanya tafiti 12 zenye wanafunzi zaidi ya 13,000 wa vyuo mbalimbali. Wa sanaa na wa saikolojia walikuwa mbele kwa kupenda mambo mapya, na mbele pia kwa wasiwasi. Wa sanaa walikuwa nyuma kwa umakini wa ratiba. Wa sheria, uchumi na biashara walikuwa na upole mdogo kuliko wa tiba na wa saikolojia. Mawakili mnaosoma safu hii msinishitaki, huo ni wastani wa kundi, na kila mmoja wenu bila shaka ndiye mpole wa chumba chake.

Tofauti hizo hazikuletwa na chuo peke yake. Baadhi ya tafiti hizo ziliwapima wanafunzi siku walipojiandikisha, kabla mhadhiri hajawafundisha kitu.

Je, wajua kwamba mizani hiyo mitano huyumba ikipelekwa kijijini? Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, watu 632. Mizani mitano haikujitokeza. Ilijitokeza miwili tu: wema kwa wenzako na uchapakazi. Nadhani wazee wa Umatengo, milima ya Wamatengo huko Mbinga, wasingeshangaa. Anayelima kwenye ntambo ya ukoo, mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, hahitaji karatasi ya maswali ili ajue nani mvivu na nani mchoyo. Watafiti waliofuatia wakapendekeza sababu: penye kazi za aina chache, hulka hazina pa kutawanyikia. Watu wote wanalima, wote wanavua, basi yule ambaye mjini angekuwa mhasibu na yule ambaye angekuwa mchoraji wanaonekana wamefanana.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba binti wa Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa, "hana hulka ya uhandisi". Amewaona wahandisi wangapi akajipima nao?

Je, wajua kwamba hulka hubadilika zaidi baada ya kombi kuchaguliwa? Brent Roberts na wenzake walizijumlisha tafiti 92 mwaka 2006 wakaona kwamba umakini wa kazi na utulivu wa moyo hupanda hasa kati ya miaka 20 na 40. Kwa hiyo anayechagua akiwa kidato cha nne anamchagulia mtu ambaye bado hajafika.

Je, wajua kwamba nadharia maarufu kuliko zote ya kulinganisha mtu na kazi ilitokana na jeshi? John Holland, Mmarekani, alikuwa akiwahoji askari na kuwapangia kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Akaona watu wanarudia sura zilezile. Kuanzia 1959 akazitaja sura sita: wa kazi za mikono, wachunguzi, wasanii, wahudumu wa watu, washawishi, na wapenda taratibu. Washauri wa masomo duniani kote bado wanaitumia. Ukitaka kuisumbua kidogo mpelekee Kapteni John Komba. Alianzia ualimu, akaingia jeshini, akaongoza Tanzania One Theatre kwa sauti ambayo hata wapinzani wa chama chake waliiimba wakiwa peke yao, akamalizia ubunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki Februari 2015. Hizo ni sura nne kati ya sita, kwa hesabu ya haraka.

Je, wajua nani alikuja baada yake? Jimbo lilipokuwa Nyasa, kwenye uchaguzi wa mwaka huohuo, mbunge aliyeingia alikuwa mhandisi, tena mwanamke: Stella Manyanya. Wiki chache baadaye akawa Naibu Waziri wa Elimu, Sayansi, Teknolojia na Mafunzo ya Ufundi, hadi 2017. Kwa hiyo kuanzia hapo binti wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi ana walau mhandisi mmoja mwanamke anayemjua kwa jina, na ambaye picha yake ilibandikwa kwenye ukuta wa duka wakati wa kampeni.

Je, wajua tofauti iliyo kubwa kuliko zote kati ya wavulana na wasichana katika vipimo vya mapendeleo? Si hesabu. Mwaka 2009 Rong Su na wenzake waliunganisha majibu ya watu zaidi ya 500,000 wakakuta kwamba wanaume kwa wastani huvutwa na vitu, wanawake na watu. Pengo lilikuwa kubwa kwa viwango vya saikolojia. Wengi wakalitumia kueleza kwa nini uhandisi una wanaume na uuguzi una wanawake. Ni maelezo mazuri mpaka ufike kwenye mteremko wa Umatengo.

Hapo nakuomba usimame kidogo utazame ngoro, shamba la mashimo la Wamatengo, inavyotengenezwa. Mwanaume hufyeka nyasi ndefu, akaziacha zinyauke, kisha huzipanga kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Kazi yake kubwa imeishia hapo. Mwanamke ndiye huingia na jembe. Huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi, huku na huku, mpaka nyasi zote zifukiwe. Kinachobaki ni shimo katikati na matuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, kwa kawaida mwezi Machi, na mahindi hufuata mvua za msimu mwingine zikianza. Mvua ikipiga, maji yanatuama shimoni badala ya kuteremka na udongo hadi mtoni, na nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Miteremko mikali kiasi hicho kwingineko ingekuwa makorongo matupu. Huyo mwenye jembe anakadiria kwa jicho mteremko, kina na njia ya maji. Anashughulika na vitu kutwa nzima. Kisha binti yake anafika kidato cha pili anaambiwa fizikia ni ya wavulana.

Je, wajua kwamba wasomi walifunga safari kutoka Japani kuja kulisoma shamba hilo? Chuo Kikuu cha Kyoto na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walifanya utafiti wa pamoja Umatengo kuanzia miaka ya 1990, na ngoro zimo katika majarida ya kisayansi. Hakuna mtihani wa taifa unaomtambua mchimbaji wake kama mtaalamu.

Kahawa ni habari nyingine. Mibuni ya Mbinga kwa desturi ni ya baba, na fedha yake kwa muda mrefu ndiyo iliyolipa ada. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika 1989 bei ikaporomoka, na palipokuwa na ada ya mtoto mmoja kati ya wawili, huhitaji mwanasaikolojia kukisia nani alibaki nyumbani.

Je, wajua kwamba Wamatengo walikuwa na ofisi ya ushauri nasaha kabla ya mwalimu wa taaluma? Iliitwa sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, vijana wakilishwa na kufundwa papo hapo, na mambo ya ardhi na ndoa yakiamuliwa kabla ya kunawa. Wanawake walikipika chakula hicho. Nasema hivi bila kuidharau sengu, maana ilifanya kazi yake, ila ushauri wa maisha ulimfikia mvulana mezani na msichana ukamfikia kwa kuzunguka.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa mambo yamegawanyika kivyake. Wanaume huingia ziwani usiku na taa kuwafuata dagaa wa Nyasa, usipa. Asubuhi usipa wakishushwa, kazi inahamia kwa wanawake: kupima kwa ndoo, kupatana bei, kuanika, kugeuza, kuwahi gari la Mbinga. Ukikaa kando ukasikiliza mapatano hayo utasikia mikopo, riba isiyoitwa riba, hasara inayogawanywa na makisio ya mvua. Hiyo ni ECA, kombi ya biashara, yenye harufu ya samaki. Msichana aliyekulia hapo akiambiwa hesabu si fani yake, aliyemwambia hajawahi kununua usipa.

Je, wajua kwamba Ziwa Nyasa lina kina cha takribani mita 700 na mamia ya aina za samaki, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani? Mbuna, wale wadogo wa rangi wanaokaa mawe ya Mbamba Bay na Liuli, hufugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Kyela, mwambao uleule. Njia ya kufika huko hupitia CBG au PCB. Lakini CBG mashuleni imepakwa jina baya, eti kimbilio la walioshindwa fizikia, na mtoto anayezijua mbuna kwa madoa yao huikubali kwa aibu. Hapa simlaumu mtoto.

Je, wajua kwamba kupenda mashindano nako kulipimwa Tanzania? Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walikwenda kwa Wamasai wa Arusha, kisha kwa Wakhasi wa India, ambao urithi hupita kwa mama. Kila mtu alipewa mpira wa tenisi arushe kwenye ndoo mara 10 kutoka mita 3, achague: alipwe kwa kila anaoingiza, au ashindane na mtu asiyemwona alipwe mara tatu akishinda. Kwa Wamasai nusu ya wanaume walichagua kushindana, wanawake asilimia 26 tu. Kwa Wakhasi mambo yakapinduka: wanawake asilimia 54, wanaume 39. Matokeo yalichapishwa 2009. Kile tulichokuwa tukikiita hulka ya kike kiligeuka sura kwa kuhamia kwa watu wengine. Wamatengo hufuata ukoo wa baba. Jirani zao Wayao wa Tunduru, mkoa uleule wa Ruvuma, kwa asili hufuata wa mama. Ningelipa nauli kuona ndoo hiyo ikipelekwa Tunduru.

Je, wajua kwamba mtoto wa miaka 5 anaamini jinsia yake ina akili nyingi, na akifika 6 au 7 msichana ameshaanza kusita? Lin Bian na wenzake walilionyesha hilo Marekani mwaka 2017. Wasichana haohao bado waliamini kwamba wasichana hupata maksi nzuri darasani.

Je, wajua kuhusu michoro 28? Kati ya 1966 na 1977 watoto 4,807, wengi wao wa Marekani na Kanada, waliombwa wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, wote wasichana. Mvulana hata mmoja hakumchora. Miaka imepita na idadi imepanda sana, ila makoti meupe na miwani vimebaki palepale.

Je, wajua kwamba fani nazo hubadili jinsia? Programu za ENIAC, kompyuta ya Marekani ya miaka ya 1940, ziliandikwa na wanawake sita. Mwaka 1984 wanawake walikuwa asilimia 37 ya wahitimu wa sayansi ya kompyuta Marekani, kisha wakaanza kupungua, wakati ambapo kompyuta za nyumbani zilikuwa zikitangazwa kama zawadi ya mvulana. Huku kwetu tazama hospitali. Kwenye zahanati za ukoloni dresa alikuwa mwanaume, na alifunga vidonda, akagawa dawa na kulala wodini. Misheni za mwambao wa Nyasa, Liuli ikiwamo, ziliwategemea watu hao kwa miaka mingi. Leo mvulana akisema anataka uuguzi baadhi ya wajomba wanakohoa. Babu yao angeshangaa wanakohoa nini.

Kuhusu wavulana tunaongea kidogo mno, na hili ni doa la mjadala mzima. Msichana akienda PCM anapigiwa makofi. Mvulana anayetaka ushonaji au malezi ya watoto hapigiwi na mtu.

Je, wajua kwamba katika miaka ya 1970 sekondari za Tanzania zilipewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu? Sayansikimu ilikwenda kwenye shule za wasichana, ufundi kwa wavulana. Hakuna aliyewapima hulka. Ilitazamwa shule ina bweni la nani.

Je, wajua kwamba kaulimbiu ya chuo cha Makerere, Uganda, ilikuwa ikimaanisha "Tuwe Wanaume"? Wanawake wa kwanza sita walipokelewa 1945, na maneno yakabidi yabadilishwe, yakawa ya kuujenga wakati ujao. Waliobadilisha maneno walikuwa na kazi rahisi kuliko hao sita.

Je, wajua kwamba kuanzia Azimio la Musoma la 1974, mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa afanye kazi miaka miwili ndipo aende chuo kikuu? Wasichana wakawa wanaolewa au kubanwa na majukumu katikati ya miaka hiyo, na mwaka 1976 wakaondolewa kwenye sharti hilo. Mfano mzuri wa kanuni iliyoandikwa bila kutaja jinsia na bado ikachagua jinsia.

Je, wajua kwamba wanawake wawili wa kwanza katika baraza la mawaziri la Tanzania waliteuliwa 1975, na mmoja wao, Julie Manning, alikabidhiwa Wizara ya Sheria akiwa mwanasheria? Naye Asha-Rose Migiro, aliyezaliwa Songea 1956, alisomea sheria Dar es Salaam, akachukua uzamivu Konstanz, Ujerumani, akarudi kufundisha, na kati ya 2007 na 2012 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ukimsikiliza akiongea, ile habari ya wanasheria kupungukiwa upole itabidi uisome tena.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere naye alibadili kozi? Alifundisha baiolojia katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na alipokwenda Edinburgh 1949 mpango wa awali ulikuwa sayansi. Akaomba kuhamia sanaa, akamaliza shahada yake 1952. Hakuna aliyemwambia amekimbia fizikia.

Je, wajua kwamba Mkenya Wangari Maathai alisomea baiolojia kwa masista Wabenedikto? Chuo chenyewe ni Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas, na alimaliza 1964. Mwaka 1971 akapata uzamivu Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati, na 2004 Nobeli. Wabenedikto Ruvuma inawafahamu tangu Peramiho ilipoanzishwa 1898. Lakini ninaopenda kuwataja zaidi ni masista wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Wana mtambo wa umeme wa maji pale Tulila, kwenye mto Ruvuma, wa megawati 5 ulipoanza, na umeme wanaiuzia TANESCO. Bwawa, mitambo, njia za umeme, mkataba wa mauzo: mali ya watawa wa kike. Mtu anayeamini kwamba vitu ni vya wanaume na watu ni wa wanawake awaulize wao nani huamka mto ukijaa.

Je, wajua kwamba filamu moja inaweza kusogeza maksi? Mwaka 2016 Emma Riley aliwapeleka sinema wanafunzi wapatao 1,500 wa Kampala muda mfupi kabla ya mitihani ya taifa. Baadhi walitazama "Queen of Katwe", kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, msichana wa mtaa duni wa Katwe aliyekuwa bingwa wa sataranji. Wengine wakatazama filamu ya ndoto za kufikirika tu. Waliotazama Mutesi walifanya vizuri zaidi hisabati ya kidato cha nne, na faida kubwa ilikwenda kwa wasichana. Wasichana wa kidato cha sita walioitazama wakawa na nafasi kubwa zaidi ya kuingia chuo kikuu. Hulka yao haikubadilika kwa saa mbili za giza. Walichopata ni mfano wa mtu anayeongea kama wao.

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwapa wasichana mafunzo ya awali ya sayansi tangu miaka ya 1990, kwa waliokaribia alama bila kuzifikia? Walikaa wiki kadhaa na fizikia, kemia na hisabati, wakafanya mtihani, waliofaulu wakaingia. Wapo walionung'unika kwamba ni upendeleo. Hao mara nyingi walitoka kwenye shule zilizokuwa na maabara.

Maana maabara ni kisa kirefu. Shule za kata zilichipuka kwa kasi katikati ya miaka ya 2000, nyingi zikiwa na madarasa, mwalimu mkuu na bendera. Rais Kikwete akaagiza kila sekondari iwe na maabara tatu, muda ukafika 2014, ukasogezwa 2015. Wananchi wakachangishwa mawe, mchanga na fedha. Jengo likisimama linahitaji maji, gesi, kemikali na mwalimu wa fizikia aliye tayari kuishi mbali na lami. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imekamilika miaka hii ya karibuni tu. Kizazi kizima cha mwambao kilichagua sanaa kwa sababu aliyekuwepo alikuwa mwalimu wa historia, tena mzuri.

Je, wajua kwamba nchi zenye usawa mkubwa wa kijinsia si lazima ziongoze kwa wanawake wahandisi? Gijsbert Stoet na David Geary walidai hivyo 2018, wakiilinganisha Finland na Algeria, ambako wasichana wa sayansi ni wengi. Mwaka uliofuata wakachapisha masahihisho ya hesabu zao, na wakosoaji wakaonyesha kwamba picha hugeuka ukibadili kipimo. Ubishi unaendelea. Sehemu moja ninaiamini: palipo na shida, mtu huchagua kozi inayoleta mshahara, na hulka inasubiri. Mzazi wa Mbinga anayemwambia binti yake "soma ualimu au uuguzi, ajira ipo" hasomi nafsi ya mtoto, anasoma bei ya kahawa.

Serikali nayo inalijua hilo. Mikopo ya elimu ya juu, inayosimamiwa na Bodi ya Mikopo tangu 2005, huzipa fani fulani kipaumbele, na Samia Skolashipu iliyoanza 2022/23 huwalipia wenye ufaulu wa juu wa sayansi. Mwaka huohuo ada ya kidato cha tano na sita ikafutwa. Kabla yake, Novemba 2021, wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito waliruhusiwa kurudi shuleni. Kwa baadhi yao, swali la kombi gani lilirudi siku hiyo.

Je, wajua kwamba Ruvuma sasa ina sekondari ya wasichana iliyojengwa mahsusi kwa sayansi? Ipo Namtumbo, imepewa jina la Rais Samia, na ni moja kati ya 26 zilizopangwa nchini, moja kwa kila mkoa wa Bara, chini ya mradi wa kuboresha sekondari. Kutoka Lituhi hadi Namtumbo ni kuvuka karibu nusu ya mkoa, basi juu ya basi. Bweni ni jambo jema: binti akiwa bwenini hakuna anayemwamsha alfajiri aanike usipa. Ila ningependa pia fizikia ifundishwe vizuri hapohapo Lituhi, kwa yule ambaye mama yake hana mwingine wa kumsaidia.

Je, wajua, mwisho, kwamba mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia kidato cha kwanza Januari 2024? Wanasoma fani pamoja na masomo ya kawaida: umeme, uashi, ushonaji, upishi, kilimo na nyinginezo. Mtihani wao wa kidato cha nne ni 2027. Matokeo yakitoka, wengi watakimbilia kuhesabu wasichana waliofanya umeme. Mimi nitaanza na wavulana wa upishi.